Karatasi Iliyobaki Mfukoni: Ndoa, VVU na Swali la Kinga



Likizo iliyopita tulitumwa wawili, mafrateri wa falsafa, kukaa wiki tatu katika kigango kimoja kilicho mbali na makao ya parokia. Siku ya mwisho baba paroko alituomba tumsaidie katika semina ya wanandoa. Kwa kuwa watu wazima hawapendi kuuliza mambo ya chumbani mbele ya wakwe na majirani, tuligawa vipande vya karatasi, kila mmoja akaandika swali lake bila jina, tukavikusanya kwenye kapu la sadaka. (Hatujawahi kuona kapu lile likijaa namna ile.) Maswali mengi yalihusu fedha, mashemeji, na mume anayechelewa kurudi nyumbani. Karatasi moja ilisema hivi: "Mimi ninayo, mwenzangu hana. Tumeambiwa kondomu ni dhambi. Nifanyeje, nimuue au nimkimbie?"

Tuliisoma kimya, tukatazamana, tukaiweka chini ya nyingine. Muda ulipokwisha tukatangaza kwamba maswali yaliyobaki yatajibiwa na baba paroko. Hilo halikujibiwa, kwa sababu karatasi haikumfikia. Ilibaki katika mfuko wa shati la mmoja wetu na tukarudi nayo seminarini.

Tunachoandika hapa ndicho tulichopaswa kusema siku ile, pamoja na mambo ambayo siku ile hatukuyajua. Tumesoma, tumewasumbua walezi wetu kwa maswali, na tumekaa mchana mzima na muuguzi mmoja wa kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC. Sisi si madaktari, na teolojia hatujaifikia. Ndugu msomaji, kwa mashauri ya mwili wako nenda kliniki, na kwa mashauri ya dhamiri yako mwone padre. Lakini kuna mambo ambayo mtu yeyote anayethubutu kusimama mbele ya waamini na kutamka neno "kondomu" anapaswa kuwa anayajua, na sisi hatukuwa tunayajua.

Neno moja, maana mbili

Aliyeandika karatasi ile hakutaja jina la ugonjwa. "Ninayo" ilitosha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, na tangu hapo tumejitungia majina mengi ya kuzungukia: ngoma, miwaya, mdudu. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 2000 tulikua tukisoma mabango barabarani yanayokataza "ngono zembe". Neno zembe ni zuri kuliko tulivyodhani tukiwa watoto. Linatokana na uzembe, na mzembe si mtu asiyejua. Ni mtu mwenye wajibu ambaye anauacha. Mlinzi anayelala lindoni ni mzembe. Maana yake ni kwamba hata lugha ya mabango ilikubali kuwa mtu anayelala na mwenzake ana jambo analowajibika kulilinda.

Kinyume chake watu husema "ngono salama", na kifaa chake hukiita "kinga". Hapa ndipo penye mkanganyiko. Walimu wetu wa falsafa hutuambia kwamba kabla ya kubishana tuulize kwanza neno lina maana gani, na neno hili lina maana mbili. Kuna kujikinga na mimba, na kuna kumkinga mtu asipate maradhi. Mpira ule ule unafanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo tumezoea kuyazungumza kama jambo moja. Lakini mtoto si maradhi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 283, alilalamikia namna ya kuwafundisha vijana inayosisitiza kujikinga tu, kana kwamba mtoto anayeweza kuzaliwa ni adui. Tunaona yuko sahihi. Ila virusi ni adui kweli, na mama yule (au ni baba, hatujui) hakuuliza namna ya kukwepa mtoto. Aliuliza namna ya kutoua.

Kanisa limesema nini, na halijasema nini

Tuanze na lililo wazi. Waraka wa Paulo VI, Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, unafundisha kwamba tendo la ndoa lisitenganishwe kwa makusudi na uwezo wake wa kuleta uhai, na kwa hiyo unakataa njia zozote zinazokusudia kuzuia uzazi. Waraka huo huo, namba 10, unasema wazazi wanaweza, kwa sababu nzito, kuamua kutopata mtoto mwingine kwa muda au hata kwa muda usiojulikana mwisho wake. Wapo waamini wanaodhani Kanisa linawadai wazae kila mwaka. Halijawahi kudai hivyo.

Namba 15 haisomwi sana katika semina zetu. Inasema tiba ya lazima kwa mwili si haramu, hata kama inajulikana tangu mwanzo kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi kusiwe ndiko kunakokusudiwa. Mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi akiondolewa mfuko huo hazai tena, wala hatendi dhambi. Nyuma ya maneno haya iko hoja ya zamani, ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino aliieleza alipokuwa akizungumzia mtu anayejitetea dhidi ya mshambuliaji: tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, moja likiwa limekusudiwa na jingine likiwa nje ya kusudi. Darasani tunaliita suala la matokeo mawili, na kila mwaka linaulizwa kwenye mtihani.

Je, hoja hiyo inawafikia mume na mke ambao mmoja ana VVU? Hapo wanamaadili wa Kikatoliki wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba katika ndoa ya namna hiyo mpira unakusudiwa kuzuia maradhi, na kwamba kuzuia uzazi ni tokeo la pembeni. Wako wanaojibu kwamba saratani inatibiwa nje ya tendo, ilhali mpira unalibadilisha tendo lenyewe lisiwe tena kutoana kikamilifu, hata nia ikiwa njema kiasi gani. Vatikano haijatoa hati inayoamua suala hili la wanandoa moja kwa moja. Mwezi Julai 2001 Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kusini mwa Afrika lilitoa ujumbe wa kichungaji ambao ulikataa kampeni za kugawa kondomu kwa kila mtu, lakini ulipofika kwa wanandoa wenye majibu tofauti ulitambua haki ya mtu kuulinda uhai wake, ukawaacha waamue kwa dhamiri yao kwa msaada wa mafundisho ya Kanisa.

Halafu kuna Benedikto XVI. Mwezi Machi 2009, akiwa ndani ya ndege kwenda Kameruni, alisema kugawa kondomu hakutamaliza tatizo la UKIMWI, na magazeti ya dunia yalimshambulia kwa wiki nzima. Mwaka uliofuata, katika kitabu cha mahojiano yake na mwandishi Mjerumani Peter Seewald, alisema kwamba mtu anayeuza mwili wake akitumia kondomu ili asimwambukize mwingine, hiyo inaweza kuwa hatua ya kwanza ya kuamka kwa dhamiri, ingawa si suluhisho la kweli. Tarehe 21 Desemba 2010 Idara ya Mafundisho ya Imani ikatoa maelezo: Papa hakuwa akizungumzia uzazi wala ndoa, na uasherati haujawa mwema. Lakini idara ikaongeza jambo lililotushtua tulipolisoma. Anayejua kwamba ana VVU na bado akamweka mwingine katika hatari kwa uasherati wake havunji amri ya sita tu. Anavunja na ya tano.

Usiue. Mwandishi wa karatasi yetu alikuwa ameshaliona hilo mwenyewe, bila kusoma hati yoyote.

Swali limebadilika na sisi hatukuona

Mabishano hayo yote yalikomaa wakati ambapo mtu mwenye VVU alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: mpira au kujinyima maisha yote. Muuguzi wetu alitucheka kidogo tulipomfikishia swali kwa namna hiyo. "Mafrateri wangu," alisema, "hilo ni swali la mjomba wenu."

Alichotueleza ni hiki. Dawa za kufubaza virusi, ARV, hutolewa bure, na wagonjwa wengi sasa hunywa kidonge kimoja kwa siku. Dawa hazimalizi virusi mwilini, ila zinavizuia visizaane mpaka vinapungua katika damu kiasi ambacho mashine ya kupima wingi wa virusi haivioni. Mtu aliyefika hapo na akabaki hapo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Tulimwomba arudie sentensi hiyo, naye akairudia.

Si maneno ya muuguzi peke yake. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011, uliowafuatilia wenza 1,763 wenye majibu tofauti katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96. Utafiti mwingine wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2016, ulifuatilia wenza 888 ambao walikutana kimwili mara zipatazo 58,000 bila kondomu huku aliyeambukizwa akiwa na virusi vichache sana kwa sababu ya dawa. Walioambukizwa na wenza wao walikuwa sifuri. Leo Shirika la Afya Duniani linafundisha waziwazi kwamba mwenye virusi visivyoonekana kwa kipimo haambukizi kwa njia ya kujamiiana.

Tafakari maana yake kwa ndoa ya Kikatoliki. Mume na mke wenye majibu tofauti wanaweza kuishi tendo la ndoa bila kitu katikati yao, na wanaweza kupata watoto. Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri unashuka chini ya asilimia 5. Lile lililowagawa wanamaadili kwa miaka thelathini limepata njia ya kupita katikati, na njia hiyo haigusi Humanae Vitae hata kidogo. Kidonge cha ARV si kizuia uzazi. Huko vigangoni bado tunajibu kwa ndiyo au hapana swali la zamani, na watu wanatoka kanisani bila kuambiwa lile la kuwaokoa: kapime, anza dawa, usiruke hata siku moja, rudi upimwe wingi wa virusi.

Yapo masharti, na ni lazima yasemwe. Virusi havishuki siku ya kwanza. Inaweza kuchukua hadi miezi 6 tangu kuanza dawa. Anayeacha dawa, virusi vinarudi. Na "sijisikii kuumwa" si kipimo.

Katika miezi hiyo ya kusubiri mjadala wa mpira bado una uzito wake. Wahudumu wa afya watawaambia wenza watumie kondomu kila mara bila kukosa, na ni kweli kwamba ikitumika hivyo hupunguza maambukizi ya VVU kwa takriban asilimia 80. Hilo si dogo, wala si ulinzi kamili. Kuna pia dawa kinga, kidonge anachokunywa yule asiye na VVU ili asiambukizwe, wakati mwenzake anasubiri virusi vishuke. Kwa jinsi tunavyoifahamu hoja ya Paulo VI, dawa kinga haina tatizo lolote la kimaadili ndani ya ndoa, maana haizuii uhai kuanza. Na kuna kujinyima kwa mapatano na kwa muda, jambo ambalo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho. Miezi sita si maisha yote. Wakulima na mabaharia wamewahi kukaa mbali na wake zao kwa muda mrefu zaidi, ingawa tunakiri kwamba ni rahisi kwa sisi wawili kuyaandika haya kutoka bwenini.

Mapatano yanahitaji watu wawili. Vipi kama mume hataki kupima, hataki kusikia habari za kujinyima, na anamwambia mkewe kwamba Kanisa linamkataza kumnyima? Tumesikia wanawake wakiambiwa hivyo, tena na wanawake wenzao katika mafundisho ya ndoa. Mama, sikiliza. Wanamaadili wengi wa Kikatoliki wamefundisha tangu zamani kwamba hatari kubwa kwa uhai au afya inaondoa wajibu huo. Na Sheria ya Kanisa, kanuni 1153, inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemletea hatari kubwa ya roho au mwili. Anayelazimishwa halei dhambi ya anayemlazimisha.

Kabla ya matangazo matatu

Maparoko wengi huwaomba wachumba wapime kabla ya kutangazwa kanisani. Ni desturi njema, lakini ieleweke vizuri. Kuwa na VVU hakumzuii mtu kufunga ndoa. Kanuni 1058 inasema wote wasiokatazwa na sheria wanaweza kuoana, na hakuna sheria ya Kanisa inayomkataza mwenye VVU. Kinachoweza kuivunja ndoa hiyo tangu msingi wake ni kuficha. Kanuni 1098 inazungumzia mtu aliyedanganywa kwa makusudi, ili akubali ndoa, juu ya hali ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha yao ya pamoja. Mahakama ya Kanisa ndiyo inayoamua kila shauri, lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 nayo inamtaka anayejua kwamba ana VVU amjulishe mwenzi wake.

Wachumba wapime pamoja, na wapokee majibu pamoja. Wakumbuke pia kwamba mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupata majibu mazuri leo, kwa sababu vipimo vya kawaida huhitaji mpaka miezi mitatu kuona maambukizi mapya. Cheti cha jana si ahadi ya kesho. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Wazazi wengi wa parokiani hawalijui hilo, na wakiambiwa hawalipendi.

Kumwambia mwenza kuna hatari zake, tusijidanganye. Wako wanawake waliofukuzwa siku hiyo hiyo, na mara nyingi mke ndiye anayejulikana kwanza kwa sababu anapimwa kliniki ya wajawazito, kisha anahesabiwa kuwa ndiye "aliyeleta". Muuguzi alitushauri kwamba anayeogopa asiseme peke yake usiku chumbani. Arudi kliniki, mshauri atamwita mwenza, waongee wakiwa watatu. Padre pia anaweza kuwa huyo wa tatu, kama anajua atakachosema.

Alitutajia pia magonjwa mengine ambayo VVU imeyafunika. Kaswende, kisonono na klamidia yote yanatibika, lakini klamidia na kisonono vinaweza kukaa ndani ya mwanamke bila dalili mpaka vikaharibu mirija, halafu kijiji kikamwita tasa. Akitibiwa mmoja na mwenzake akaachwa, ugonjwa unarudi nyumbani wiki hiyo hiyo. ARV hazizuii magonjwa haya. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi nacho kina chanjo, na Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Tumesikia kwa masikio yetu, nje ya kanisa baada ya Misa, kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi. Si kweli. Inazuia saratani.

Kuhusu mimba isiyokusudiwa

Hapa tutapita kwa haraka kidogo, maana njia za asili zina walimu wake majimboni na mafundisho yake yanahitaji siku kadhaa, si aya mbili. Msingi wake ni kwamba yai la mwanamke huishi chini ya siku moja baada ya kupevuka, na mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani yake hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba katika mzunguko mmoja ni kama sita tu. Kazi yote ni kuzitambua. Njia ya ute, iliyoenezwa na madaktari John na Evelyn Billings, mume na mke wa Melbourne, Australia, humfundisha mwanamke kuusoma mwili wake: ute unapokuwa wa kuteleza na kuvutika kama wa yai bichi, rutuba imefika. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine, ambaye hajaona hedhi na mtoto hajafika miezi 6, uwezekano wake wa kupata mimba ni chini ya asilimia 2. Masharti hayo matatu yanakwenda pamoja. Likivunjika moja, kinga hiyo imekwisha.

Tuwe wakweli kwa takwimu. Kati ya wanawake 100 wanaotumia njia za asili kwa mwaka, wanaoshika mimba ni kuanzia 2 hadi 23 kutegemea njia na umakini wao. Kondomu, kwa matumizi ya kawaida, ni kama 13. Tofauti kubwa inaletwa na mume. Mume anayerudi amelewa na kuikuta "siku ya hatari" ameandikiwa kwenye kalenda haisaidiwi na kalenda. Na jambo moja tumelisikia likikosewa hata na wanaofundisha: njia za asili hazikingi ugonjwa wowote. Wenza wenye majibu tofauti wanaotegemea ute peke yao wamejikinga na mtoto na kumwachia adui mlango wazi.

Kwa msomaji ambaye hajaoa

Wewe kijana wa VIWAWA uliyesoma mpaka hapa ukitafuta ruhusa, hatuna. Kanisa linatufundisha, sisi na wewe, kwamba tendo hili lina nyumba yake, nayo ni ndoa. Tunaliamini na tunajaribu kuliishi. Lakini aliyeanguka bado ana amri ya tano mbele yake. Kosa alilofanya halimpi ruhusa ya kumwambukiza mwenzake, wala aibu haimpi ruhusa ya kukaa bila kupima. Na mtu aliyebakwa, awe msichana au mvulana, asingoje Jumapili aje kumwambia frateri. Zipo dawa za dharura zinazozuia VVU visishike. Lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha zinanywewa kwa siku 28. Mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo, maswali ya nani na wapi yatafuata.

Kwa aliyeandika karatasi

Uliuliza: nimuue au nimkimbie? Hapana kwa yote mawili. Kama bado hujaanza dawa, anza wiki hii. Kama umeshaanza, muulize muuguzi jibu la kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi, na umwombe akueleze namba hiyo kwa Kiswahili. Mpaka namba hiyo ishuke, msikutane kana kwamba hakuna kitu; pimeni mwenzako, muulizieni dawa kinga, na kuhusu namna mtakavyoivuka miezi hiyo nendeni wawili kwa padre mnayemwamini, mkimweleza yote mliyoambiwa kliniki. Kama mwenzako bado hajui, usiseme peke yako ukiwa unaogopa. Na utusamehe kwa kuiweka karatasi yako chini ya nyingine.

Mwezi Juni tunarudi katika kigango kile kile. Tumeshamwandikia baba paroko kumwomba kwamba safari hii muuguzi awepo kwenye semina, akae meza ya mbele pamoja naye, na karatasi hii isomwe ya kwanza. Amejibu kwamba muuguzi atapatikana Jumamosi, si Jumapili, kwa hiyo semina imesogezwa mbele kwa siku moja.